Mwalimu Anayetazama Ukuta

Ninyi mnaoanza kazi sasa, siku moja mtakaa kwenye semina na mtaulizwa falsafa yenu ya ufundishaji ni ipi. Mtaandika maneno mazuri kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani, kama tulivyofanya sisi. Mimi falsafa yangu niliipata kwa mtu mmoja, Mwalimu Tluway wa shule ya Daudi, na naiandika hapa kwa sababu nimestaafu, na katika shule ya mwisho niliyofundisha hakuna anayeitumia tena. Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara wa mwalimu mnaujua.

Nilifika Daudi nikitoka moja kwa moja chuoni, kipindi cha baridi, ukungu umefunika mashamba ya ngano hadi saa nne asubuhi. Mimi ni mtoto wa Mbulu, lakini chuo kilikuwa kimenisahaulisha baridi ya kwetu, nikaja na sweta moja. Mwalimu mkuu alinipa darasa la kwanza na vipande vya chaki ndani ya kopo la maziwa. Nilifundisha irabu kwa nyimbo na makofi, kisha nikauliza kama nilivyofundishwa kuuliza: "Tumeelewana?" Darasa zima likajibu, "Ndiyo, mwalimu." Nikafurahi. Niliendelea hivyo wiki kadhaa, nikiuliza na wao wakijibu, mpaka siku nilipowaita ubaoni mmoja mmoja na kukuta kwamba hakuna aliyejua kitu. Walisimama mbele yangu wakiangalia miguu yao, na chaki mkononi, wakisubiri nimalize kukasirika.

Darasa la jirani lilikuwa la Mwalimu Tluway. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la kijivu ambalo mifuko yake ilikuwa imekuwa myeupe kwa chaki. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao na ulikuwa na nafasi. Siku hiyo ya aibu yangu nilichungulia nikamwona amesimama mbele ya darasa, mikono nyuma, uso ameuelekeza ukutani. Watoto nyuma yake walikuwa wakinong'onezana wawili wawili. Nilidhani anaumwa. Wakati wa mapumziko nilimfuata.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuona ukichungulia."

"Samahani. Nilidhani unaumwa. Mbona umewapa watoto mgongo?"

Alikunywa uji wake kwanza. "Wewe umeolewa?"

"Bado, mwalimu."

"Ukiolewa, ukaota jipu mahali pa aibu, utamwonyesha baba mkwe?"

Nilicheka. "Hapana, siwezi."

"Utamwonyesha nani?"

"Wifi, labda. Au mwenzangu tu wa kike."

"Basi. Hao watoto, wewe ndiye baba mkwe wao. Watakuonyesha jipu namna gani?"

Kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu nikiwa mdogo, ila chuoni hakuna aliyeniambia kwamba linahusu hisabati. Kwetu mtoto akimwambia mkubwa "sijaelewa", ni kama amemwambia mkubwa kwamba amesema vibaya. Mtoto mwenye adabu husema ndiyo. Mama zetu walitufundisha hivyo kabla hatujaijua shule, na shule ikaja ikatuongezea Kiswahili, ambacho wengi wetu tulikuwa tunakisikia kanisani na redioni tu. Kwa hiyo mtoto ana vitu viwili vya kuficha, na adabu ya kumsaidia kuvificha.

Njia yake ilikuwa hii. Alifundisha kidogo sana, jambo moja. Kisha aliwaambia wawili wawili waelezane kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, anayedhani amepata amweleze mwenzake, na yeye akageuka. Akiwa ametazama ukuta hakuwa mkubwa tena, alikuwa mtu anayetazama ukuta. Ndipo majipu yalipotoka. Alisikiliza, akajua kilichokwama ni kitu gani, kisha akageuka na kukifundisha upya kwa wote bila kumtaja mtu. Kanuni zake zilikuwa chache. Usigeuze kichwa hata ukisikia kichekesho, maana ukigeuka mara moja watakunyima maneno yao mwaka mzima. Usiulize nani amesema. Na kwenye kusoma, usimsimulie mtoto mwisho wa hadithi. "Mwisho ni ujira wake," alisema. "Ukimlipa kabla, kesho haji kazini."

Siku hizo bado palikuwa na kibao cha mbao ambacho mtoto aliyezungumza lugha ya nyumbani alivishwa shingoni. Kila darasa lilikuwa na chake. Kibao cha darasa la Mwalimu Tluway kilikuwa kimepotea tangu zamani, na aliyekabidhiwa jukumu la kukitafuta alikuwa yeye mwenyewe.

Nilijifunza kutazama ukuta. Si kazi rahisi kama mnavyofikiri. Shingo inawasha, unataka kuona ni nani anayecheka, unajiona mjinga. Lakini baada ya muda masikio yanakomaa, unaweza kuwatofautisha watoto kwa minong'ono yao. Kabla mwaka haujaisha, watoto wangu wengi walikuwa wakisoma.

Mkaguzi alikuja mwaka wangu wa tatu pale. Aliingia darasani kwa Mwalimu Tluway bila kubisha, akakuta mwalimu ametazama ukuta na watoto wanazungumza Kiiraqw. Sisi wengine tulisimama nje tukijifanya tunapanga maua. Hapakuwa na ugomvi. Mkaguzi aliongea kwa upole kabisa kuhusu mwalimu na mawasiliano ya macho, kuhusu lugha ya taifa, kisha akamuuliza kama wameelewana. Mwalimu Tluway akajibu, "Ndiyo, mzee."

Walimhamishia madarasa ya juu, akapewa Jiografia. Aliifundisha vizuri, akiwatazama watoto usoni, mpaka kifua kilipomwangusha kabla hajafikia kustaafu. Tulimzika Daudi siku ya mvua. Padri alisema alikuwa mtumishi mtiifu, na nilikasirika sana pale kaburini, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilihamia Tumati. Huko nilikaa miaka mingi kuliko mahali pengine popote, nikaolewa, nikazaa, na kwa kuwa shule ilikuwa mbali na barabara, hakuna aliyenisumbua. Wakati wa kiangazi wakaguzi walisema vumbi ni jingi, wakati wa masika walisema barabara haipitiki. Nilitazama ukuta wa Tumati mpaka nikazijua nyufa zake. Nilisikia mambo ambayo hayamo katika kiongozi chochote cha mwalimu. Nilikuwa nimefundisha kutoa kwa kukopa kumi kutoka kwa jirani, na nyuma yangu msichana mmoja akamwambia mwenzake kwamba hesabu hizi ni za watu wabaya, kwa sababu wanakopa kila siku na hakuna hata siku moja wamerudisha. Mwenzake akasema ndiyo maana yeye anaacha kujibu, baba yake hapendi watu wa namna hiyo. Nilikuwa nimemwandikia huyo mtoto makosa mwezi mzima. Nikageuka, nikafundisha upya kwa mafungu ya mabua yaliyofungwa kumi kumi, tukawa tunafungua fungu badala ya kukopa. Wakaelewa wote, na heshima ya ile familia ikabaki salama.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa Hanang, Balangdalalu. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wameondoka, nikaona sawa tu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Fabiani, alikuwa mtu mwema mwenye hofu, na simu yake haikuacha kulia.

Huko ndiko Falsafa ilikonikuta. Tuliitwa semina. Ukumbi ulijaa walimu, kila mmoja akapewa kijitabu chenye jalada la bluu: falsafa ya kufundisha masomo ya msingi, yaani kusoma, kuandika, kuhesabu, na Kiingereza juu yake. Nitasema ukweli, haikuwa mbaya. Ilisema mwanafunzi ndiye kitovu cha somo. Ilisema asiachwe mtoto hata mmoja. Niliisoma nikafikiri, Mwalimu Tluway angeweza kuandika hii. Tatizo lilikuwa ukurasa wa nyuma, penye utekelezaji. Shule zote zitakuwa kwenye ukurasa mmoja wa kitabu katika wiki moja, ili mtoto akihama asipotee. Na kila Ijumaa mwalimu atapiga picha ubao wake, wenye tarehe na ukurasa, na kuituma kwenye kundi la WhatsApp.

Mwezeshaji, kijana mchangamfu mwenye suti, alimaliza akauliza, "Ndugu walimu, tumeelewana?"

Ukumbi mzima ukajibu, "Ndiyo."

Nilijibu na mimi. Nilitazama huku na huku nikiwatafuta wawili waliokuwa wananong'ona, nikaona walikuwa wengi.

Basi ubao wetu ukawa unakwenda mbele kila Ijumaa, na watoto wakabaki nyuma. Balangdalalu watoto hukosa shule wakati wa kupalilia vitunguu, wengine huondoka na mifugo kutafuta maji. Wakirudi, ubao umeshapita. Nilimwomba Mwalimu Fabiani ile stoo ya majembe, nikaweka mabenchi, na kila siku baada ya vipindi nikawachukua waliopotea njiani. Hiyo haikuwa kwenye Falsafa, lakini haikuwa kwenye picha pia, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Rozalia aliletwa stoo kwa bahati. Alikuwa darasa la tatu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Madaftari yake yalijaa alama za vema. Madam Neema, mwalimu wake, kijana mwenye bidii kutoka Morogoro, alimtuma aje anisaidie kuwaandikia wadogo. Niliwagawa wawili wawili, Rozalia nikampanga na Elisi, mmoja wa watoto wa stoo, nikageuka ukutani. Nikasikia Rozalia akimuuliza Elisi kwa Kiiraqw, polepole, "Hivi hapa pamesemwa nini?"

Palikuwa pameandikwa "mama".

Alikuwa anachora. Tangu darasa la kwanza alikuwa akichora maneno ya ubaoni kama mtu anavyonakili maua ya kitambaa, na kila mwalimu, akimtazama usoni, alipouliza kama ameelewa, alisema ndiyo. Nilibaki nimetazama ukuta muda mrefu siku ile. Niliona uchungu, kisha hasira, kisha nikageuka nikafundisha *ma* kwa wote.

Baba yake alikuja shuleni nilipomwita. Mzee mtulivu, kofia mkononi. "Mwalimu, mimi sikatai shule," alisema. "Lakini mama yake ana mtoto mchanga na mbuzi hawana mtu. Akishinda ule mtihani wa darasa la nne, ataendelea. Akishindwa, basi, Mungu hakupenda, atabaki nyumbani atusaidie. Nimesema vibaya?"

"Hapana, mzee. Nimekuelewa."

Kwa hiyo tulikuwa na muda mpaka upimaji wa darasa la nne, na mimi nilikuwa na muda mfupi zaidi, kwa sababu siku yangu ya kutimiza miaka sitini ilikuwa katikati ya mwaka huohuo. Serikali haina utani na siku ya kuzaliwa.

Tulianza na silabi, tukaenda kwenye maneno, tukaingia kwenye sentensi. Mwaka ulipogeuka Rozalia alikuwa anaweza mstari mzima akivuta pumzi mara mbili. Nilimpa kijitabu kidogo cha hadithi, kimechakaa, kinachomhusu mbuzi aliyekata kamba akaingia kwenye bustani ya mboga. Mwenye bustani anatoka na fimbo, mbuzi anakimbia, anapita kwenye tundu la ua, anapita kwa mganga wa meno, na kadhalika. Ni hadithi ya kipuuzi. Lakini Rozalia alikuwa mchunga mbuzi, na aliishika kama jambo la nyumbani kwao. Alisoma ukurasa mmoja kwa wiki, wakati mwingine nusu. Nyuma yangu nilimsikia akimnong'oneza Elisi, "Wewe muulize mwalimu, huyo mbuzi anakamatwa?" Na Elisi, ambaye hakuwa na haya sana, akauliza kwa sauti.

"Mwisho uko ndani ya kitabu," nilisema, bila kugeuka. "Kisomeni mkamkamate wenyewe."

Walicheka. Nafikiri hiyo ndiyo siku nzuri ya mwisho niliyokuwa nayo kazini.

Mwezi uliofuata lori lilileta vitabu vipya vya Falsafa, maboksi kwa maboksi, vitabu vizuri vyenye rangi, vya kusoma. Mahali pa kuviweka salama palikuwa pamoja tu, ile stoo yetu. Mwalimu Fabiani alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni.

"Mama, utaniona mbaya," alisema. "Vikiliwa na mchwa nitaandikiwa barua mimi."

"Tuvitoe basi wavisome."

"Vinatolewa kwa ukurasa wa wiki, mama. Wa kwako hawajafika huo ukurasa."

Hakuwa anatania. Mabenchi yalitolewa, tukahamia barazani, yaani nje, upande wa kivuli wa darasa la sita. Nje hakuna wawili wawili. Watu wanapita, wakubwa wanachungulia, upepo wa Hanang unafunua kurasa. Rozalia alirudi kwenye kuchora. Nilimwona na nikajua. Bado walikuwa katikati ya hadithi, mbuzi yuko kwenye tundu la ua, siku yangu ilipofika.

Nilikwenda ofisi ya elimu kuomba niendelee kuja bure, saa moja tu kwa siku. Ofisa alinipokea vizuri, akaniita mama, akaniagizia chai. Alisema nimelitumikia taifa, sasa nipumzike, na kwamba mtu asiye mtumishi hawezi kukaa na wanafunzi bila utaratibu, na utaratibu wenyewe haupo. Aliniuliza kama nimeelewa. Nadhani mnajua nilivyojibu.

Kazi niliikabidhi kwa Madam Neema. Nilimweleza yote niliyowaandikia hapa, na alijaribu kwa moyo, simlaumu hata kidogo. Aliwapanga wawili wawili, akageuka ukutani, akasikiliza. Baadaye alinipigia simu. "Madam, nawasikia," alisema, "wanaongea sana, tena wanaongea vizuri. Ila sielewi hata neno moja." Nilisahau kwamba yeye Kiiraqw hakijui. Nilimwambia amtumie Elisi kumtafsiria, lakini wenzake walipojua kwamba Elisi anapeleka maneno kwa mwalimu, waliacha kusema. Kisha likaja agizo kwamba picha za Ijumaa zimwonyeshe na mwalimu mwenyewe, amewaelekea wanafunzi. Neema akawaelekea.

Sasa nakaa Katesh kwa binti yangu. Siku za mnada ninashuka kununua vitunguu, na zaidi kuona watu. Mwezi uliopita nilisimama kwenye magunia ya mtu nikasikia, "Shikamoo, mwalimu."

Ni Rozalia. Amerefuka, amejifunga kanga, mgongoni amebeba mdogo wake aliyeamka na kunyonya kidole. Mama yake alikuwa upande wa pili akipatana bei na mnunuzi.

"Marahaba, Rozalia. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, mwalimu."

"Shule unakwenda?"

"Ndiyo, mwalimu."

Ilikuwa Jumatatu, saa za vipindi.

"Unasoma vizuri?"

"Ndiyo, mwalimu."

Aliangalia miguu yake. Nilimtazama, kisha nikafanya kitu nilichokifanya maisha yangu yote. Niligeuka. Nikasimama nimeyatazama magunia, mikono nyuma, kama mzee anayetafuta vitunguu visivyooza. Watu walinipisha wakidhani nachagua.

Kisha nikamsikia akisema na mdogo wake mgongoni, kwa Kiiraqw, polepole, jinsi alivyokuwa akimsemesha Elisi.

"Muulize mwalimu, yule mbuzi alikamatwa?"

Nilikuwa naujua mwisho wa hadithi ile. Nimeusikia ukisomwa mara nyingi kuliko sala. Na kwa miaka yangu yote ya kazi, Daudi, Tumati, Balangdalalu, sikuwahi kumsimulia mtoto mwisho, hata aliyelia. Nilisimama pale nikitafuta namna ya kumwambia akausome mwenyewe, na sikuipata.

"Alikamatwa," nikayaambia magunia.

Nyuma yangu mtoto alianza kulalamika, nikasikia Rozalia akimpandisha vizuri mgongoni na kukaza kanga.

"Si nilikuambia," alimwambia mdogo wake.